Mkono wa Kushoto Ndani ya Boksi

Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la matairi. Harufu ya mpira haijatoka mpaka leo, hasa ukiingia kabla kiyoyozi hakijapata nguvu. Uko Al Quoz, mtaa wa viwanda wa mji huu wetu wa Uarabuni, katikati ya karakana za magari na viwanda vya milango ya alumini, na mpita njia hawezi kudhani kwamba ndani mna watoto wa kike wanaokimbizana na fimbo mikononi. Kiangazi chote nilikuwa nikimpeleka mjukuu wangu pale, Jumanne na Jumamosi, baada ya Alasiri. Mimi nimestaafu, mwanangu yuko ofisini, mkewe yuko zamu hospitali, na Mwenyezi Mungu ameniachia miguu inayopanda ngazi za metro bila ya kulalamika. Niliipokea kazi ile kwa furaha.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana hata majirani zetu wa Rashidiya, waliozaliwa katika mji huu na kuona mengi, waliniuliza mara nyingi. Unaitwa lakrosi. Kila mchezaji ana fimbo, na kichwani mwa fimbo pana kikapu kidogo cha wavu. Mpira ni mgumu na unaenea kiganjani. Unaudaka kwa kikapu, unakimbia nao, unamrushia mwenzako, na mwisho unautia golini. Shuleni kwa mjukuu wangu wanaucheza nje, kwenye uwanja wa majani mkubwa kama wa kandanda. Aliuingia akiwa na miaka kumi na moja, akaupenda hata akawa anakwenda na fimbo chumba kwa chumba, mpaka bibi yake akamwuliza kama anachunga mbuzi.

Ila kucheza hasa alikuwa hachezi. Msimu ule wa kwanza nilikwenda kumtazama, nikaona uwanja umemmeza. Ni mdogo wa umbo, na walimweka pembeni kabisa, karibu na mstari. Mchezo ulipita mbali naye, ukaenda kule, ukarudi huku, naye amesimama akiinua kisigino kimoja baada ya kingine. Mpira ulimfikia mara chache sana. Ulipomfikia alishtuka, na kabla hajajua la kufanya, wakubwa walikuwa wamekwisha kumpokonya.

Mwanangu aliyaona haya haya. Si mtu mkali, lakini ni mtu wa kupima mambo. Ijumaa moja, tumerudi msikitini na tumekaa kwenye pilau, akasema:

"Baba, mtoto huyu kila Jumamosi anarudi hoi, masomo yanamngoja, na kule uwanjani kazi yake ni kupunga upepo. Baridi ikirudi wanachagua timu ya shule. Akichaguliwa, mimi mwenyewe nitampeleka kila wanakocheza. Asipochaguliwa, fimbo tunairudisha. Khalas."

Mtoto alikuwa anatazama sahani yake.

"Umesikia?" baba yake akamwuliza.

"Nimesikia, Baba."

"Na hukasiriki?"

"Nakasirika kidogo."

Tulicheka sote isipokuwa yeye. Nilimwona anavyotafuna polepole na macho yamemjaa maji, nikajua kwamba kwa wengine pale mezani lile lilikuwa neno la kupanga ratiba ya nyumba, na kwake yeye lilikuwa neno la kumwondolea kitu anachokipenda kuliko vyote alivyonavyo. Nikamwombea kimoyomoyo. Sikuomba ashinde. Niliomba apewe nafasi ya kuonekana.

Nafasi ikaja na joto. Hapa kwetu, ukifika mwezi wa tano, uwanja wa majani hauchezeki. Hata paka huvuka barabara kwa kukimbia. Kocha wao, mama mmoja mrefu kutoka Kanada, mwenye sauti inayofika mbali, akatuita sisi wazee wa watoto akatwambia kwamba kiangazi hiki hawatalala. Watacheza lakrosi ya ndani, ambayo wenyewe wanaiita boksi. Kwao, alisema, barafu ikishaondolewa katika viwanja vya kuteleza, hubaki sakafu tupu iliyozungushiwa ukuta mfupi wa mbao, na humo ndimo watoto wanamolelewa kimchezo. Sisi hatukuwa na barafu ya kuondoa. Tulikuwa na jua la kulikimbia, na ghala la matairi.

Siku ya kwanza tulimkuta mlangoni bwana mmoja wa Mombasa, mwangalizi wa ukumbi, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi. Aliiona kofia yangu akajua natoka wapi, akanipa mkono.

"Sheikh, huyu ni wako?"

"Mjukuu."

"Na umemleta kwa miguu yako mwenyewe? Wallahi hawa wanagongana ukutani mpaka mimi nafumba macho."

"Ukifumba macho, umejuaje kama wanagongana?"

"Nasikia, Sheikh! Masikio sijaziba."

Mjukuu wangu akacheka, na woga ukampungua. Wakamvisha kinga za mabega, za mikono na za mbavu, na kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni. Ile kofia ilikaa juu ya ushungi wake sawasawa, na kwa kuwa wote walifunikwa hivyo hivyo, kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza kama hasikii joto.

Halafu wakaanza, nami nikaelewa kwa nini yule bwana anafumba macho. Watano kila upande na kipa wao, ndani ya nafasi ambayo hata harusi ya watu wachache isingeenea. Ukutani ipo saa inayohesabu nusu dakika. Ikiisha kabla hamjapiga golini, mpira ni wa wenzenu. Mpira ukipotea hautoki nje ukaokotwa kwa starehe. Unagonga mbao kwa kishindo, unarudi miguuni mwako. Na kubwa kuliko yote, mle hamna pembeni. Mjukuu wangu alipotafuta mahali pa kusimama kama alivyozoea, alikuta mgongo wake umegusa ukuta na mpira unamjia. Akaudaka. Akapokonywa. Ukamjia tena. Akauangusha, akauokota mbele ya miguu ya watu, akasukumwa bega, akakaa kitako, akanyanyuka. Wanaoshambulia ndio hao hao wanaorudi kulinda, kwa hiyo hata akikosa mpira alikuwa na mtu wa kumzuia.

Tulipokuwa tunarudi alikaa kwenye kiti cha metro kama gunia lililomwagwa.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Babu, leo nimeshika mpira mpaka nimechoka kuushika."

Neno lile lilinifanya niwaze njia nzima. Mimi ni mwalimu wa Kurani, na nimesoma katika chuo kilichojaa. Utotoni kwetu Unguja tulikaa safu kwa safu kwenye majamvi, na maalim wetu, Mungu amrehemu, hakuweza kumsikiliza kila mmoja kila siku. Sisi wa nyuma tulitikisa vichwa na kuchezesha midomo pamoja na wenzetu, na sauti ya wengi ikatuficha. Nilipokuja kufundisha hapa, sebuleni kwangu, enzi tulipokuwa tukikaa Al Baraha, watoto walikuwa wachache, goti kwa goti na mimi. Kila mmoja alisoma, kila mmoja alikosea, kila mmoja alirekebishwa pale pale, akarudia. Waliwapita wa chuo kikubwa kwa mbali, na si kwa sababu walikuwa na akili zaidi. Walikuwa hawana pa kujificha, na kosa lao halikulala hata usiku mmoja.

Basi nikakaa kwenye ubao wa watazamaji kila safari, tasbihi mkononi, nikitazama kama anavyotazama mwalimu. Niliona mikono ya mtoto inajifunza. Wiki za kwanza alipodaka mpira aliutazama, kisha ndipo akatazama watu. Baadaye alikuwa anawatazama watu huku mpira unakuja, kwa kuwa mikono ilikwisha kujua kazi yake. Alijifunza kugeuza bega ili mwili wake uwe baina ya fimbo na adui. Alijifunza kupiga mpira ukutani makusudi ili umrudie upande wa pili wa mtu. Goli la boksi ni dogo, na kipa wake amejazwa magodoro mpaka nafasi iliyobaki ni ya kupitisha chungwa; basi akajifunza kutafuta mahali pa chungwa. Alianguka mara nyingi sana, na kila mara bwana wa Mombasa alisema "Yallah!" kwa sauti ya kuumia, kama kwamba aliyeanguka ni yeye.

Lakini kulikuwa na jambo lililonitatiza, na kocha nalo lilimtatiza pia.

Mjukuu wangu ni wa mkono wa kushoto. Anaandika kwa kushoto, anachora kwa kushoto, na nyumbani hatukumzuia. Kula, kutoa na kupokea, anafanya kwa kulia, kama tulivyomlea na kama tulivyolelewa. Sasa, alipokuwa peke yake anarusha mpira ukutani, alishika fimbo kwa kushoto juu, na mpira ulikwenda kama uzi. Kipa alipobaki peke yake mbele yake, kushoto vilevile. Ila inapotakiwa amrushie mwenzake, anasita, anazunguka mwili mzima, anahamisha mikono ili wa kulia uwe juu, ndipo arushe. Uwanjani nje pana nafasi. Mtu anaweza kuzunguka na hakuna atakayeona. Ndani ya boksi, kuzunguka kule ni nusu ya maisha. Walimpokonya kila mara.

Kocha alinijia pale ubaoni. Alinieleza kwamba ndani ya boksi mchezaji wa kushoto ni kama lulu, kwa sababu akikaa upande wa kulia wa sakafu fimbo yake inaelekea katikati, na timu nzima haina mwingine. "Nimemwambia mara nyingi atumie ule mkono," alisema. "Ananiitikia vizuri, halafu hafanyi. Nikimwuliza kwa nini, anatazama chini. Pengine wewe atakwambia. Akiendelea hivi, sitakuwa na pa kumweka baridi ikija."

Maneno yale ya mwisho yalinishtua. Nikayabeba mpaka kwenye metro.

Gari lilikuwa limejaa watu waliotoka kazini. Kijana mmoja alinipisha kiti, na mjukuu wangu akasimama mbele yangu na mfuko wa fimbo begani. Nikamwacha kwanza apumue. Tulipopita vituo kadhaa nikasema:

"Mama yetu kocha anasema una mkono mzuri wa kushoto."

"Ndiyo, Babu."

"Anasema ukiwa peke yako unautumia, na ukitaka kumpa mwenzako unauficha."

Akashika nguzo ya gari kwa mikono yote miwili.

"Sitakasirika," nikamwambia.

"Kwa sababu pale namrushia mtu, Babu. Ni kumpa. Nitampaje mtu kitu kwa kushoto?" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Najua ni mchezo. Lakini mkono wenyewe unakataa. Na kapteni ni mkubwa wangu, yuko darasa la mbele. Nikimpa kwa kushoto naona kama unanitazama."

"Mimi?"

"Wewe. Na Bibi nyuma yako."

Kicheko kilinipanda mpaka kooni na nikakizuia. Mtu hujibu mambo kama haya kwa haraka akayaharibu. Ningecheka, angejiona mjinga kwa jambo lililotokana na utii wake. Ningemwambia kwamba ule ni mchezo tu na asijali, ningekuwa nimemfundisha kwamba adabu kuna mahali mtu anaivua mlangoni kama viatu. Adabu hii nimeifundisha miaka mingi na bado naifundisha: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipenda kuanza kwa kulia, nasi tunamfuata. Kwa hiyo kituo kizima nikatafuta jibu.

"Nitolee hiyo fimbo," nikasema.

Akaifungua kwenye mfuko. Watu wakajisogeza kidogo.

"Ishike kama unavyoishika ukiwa peke yako."

Akaishika, kushoto juu, kulia chini.

"Umeishika kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Ukienda kwa bibi yako mzaa mama, akakuletea sahani ya vitumbua, unaipokea kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Mbona si kwa kulia peke yake? Ungetosha."

"Kwa sababu ni bibi. Mikono miwili ni heshima zaidi."

Niliona uso wake unabadilika, kama mtoto aliyekwama kwenye aya kisha neno linalofuata likamjia lenyewe.

"Kwa hiyo, Babu..."

"Kwa hiyo wewe humpi mwenzako kwa kushoto. Unampa kwa mikono miwili. Upi uko juu na upi uko chini, hiyo ni kazi ya fundi, kama seremala anavyoshika msumeno. Hakuna sheikh atakayekuuliza habari hiyo."

"Hata kapteni?"

"Hasa kapteni."

Alicheka sana, peke yake, katikati ya watu wale waliochoka, na mama mmoja wa Kifilipino aliyekuwa karibu yetu akacheka naye bila ya kujua kwa nini. Halafu mjukuu wangu akainama.

"Na kula je?"

"Kula ni kwa kulia. Usinitafutie mlango."

Jumamosi iliyofuata nilifika ukumbini na moyo unanidunda, nami ni mtu mzima niliyedhani nimekwisha kumaliza habari za moyo kudunda. Kocha akamweka upande wa kulia. Mpira ukamjia kwa kasi, adui mmoja mbele na mwingine anakuja. Hakuzunguka. Mikono yake miwili iliondoka mara moja tu, na mpira ukawa tayari katika kikapu cha kapteni mbele ya goli, na kapteni akautia. Ilikuwa haraka kiasi kwamba bwana wa Mombasa, aliyekuwa amefumba macho, aliyafumbua akauliza nani kafunga.

"Aliyefunga ni kapteni," nikamwambia. "Aliyempa ni wangu."

Kocha alisimama na mikono kichwani. "Alikuwa wapi huyu siku zote?" akapiga kelele. Baada ya mazoezi alikuja kuniuliza nilimwambia nini mtoto. Nikamweleza kwa Kiingereza changu nilichookota bandarini, polepole, habari ya kutoa kwa kulia na kupokea kwa miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata. Kisha akasema kwamba miaka yote anawagombeza watoto wanaorusha kwa mkono mmoja kwa uvivu, na hakuna aliyewahi kumpa sababu nzuri kama hiyo. Kuanzia siku ile, mtoto yeyote akirusha ovyo, kocha alinguruma kutoka upande wa pili: "Mikono miwili! Heshima!" Na watoto wa Kihindi, wa Kilebanoni na wa Kiingereza wakawa wanaambiana "Heshima!" kila wanapopeana mpira.

Mwezi wa nane na wa tisa ilikuwa raha tupu kumtazama. Sisemi hakukosea. Alikosea, akarekebishwa pale pale, akarudia. Alianza kuongea ndani ya mchezo, yeye aliyekuwa bubu uwanjani: "Nipo! Nyuma yako! Rudi!" Kwenye boksi usipoongea unagongwa, na kwa hiyo sauti ilimtoka. Bibi yake alisema hata nyumbani siku hizi anajibu kwa sauti kubwa, na kama hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta, basi limepatikana.

Joto likavunjika, kama linavyovunjika kila mwaka baada ya kutufanya tuamini kwamba safari hii halitavunjika. Siku ya kuchagua timu ikapangwa Jumamosi asubuhi, nje, kwenye uwanja wa majani wa shule. Mwanangu akaja. Alikuwa hajamwona mtoto wake akicheza tangu msimu ule wa kupunga upepo, maana kiangazi chote alikuwa kazini. Tukakaa kwenye ngazi za saruji, yeye na mimi.

Nitasema kweli, nilipouona tena ule uwanja mkubwa niliogopa. Ukumbi ulimbana mpaka akachanua. Sasa pengine upana huu utammeza tena. Wenzake wengine walikuwa wamepumzika kiangazi chote, wamerefuka, wana miguu mirefu kama swala. Nikasoma ninayoyasoma.

Mpira ukaanza. Ukaanguka chini baina ya wasichana watatu, na kabla hawajainama mmoja mdogo alikwisha kupita katikati yao, ameuzoa, ameondoka. Mwanangu alikaa wima.

"Baba, yule nani?"

"Mwanao."

"Huyo huyo?"

"Nyumbani kwako una mwingine?"

Kwake yeye upana ule haukuwa tena jangwa la kupotea. Aliyezoea kuchagua ndani ya nafasi ya mkeka, sasa alikuwa na nafasi ya nyumba nzima, na muda wa kutazama kushoto na kulia, na kuvuta pumzi. Walipomjia wawili, alitulia, akasubiri mpaka wamfikie, akampa kapteni mpira juu ya mabega yao. Kwa mikono miwili. Nililiona hilo nikacheka peke yangu, na mwanangu akanitazama.

Kisha msichana mmoja mrefu, mlinzi hodari, akaugundua mkono wake. Akaanza kumziba upande wa kushoto, kila anapokwenda yupo. Mara ya kwanza alimnyima njia. Mara ya pili vilevile. Mwanangu alikuwa amesimama sasa, anauma kidole. Mara ya tatu mjukuu wangu akaelekea kushoto kama kawaida, yule mlinzi akamtangulia, na mtoto akazunguka mwili mzima, akahamisha mikono, wa kulia ukawa juu, kama alivyokuwa akifanya kwa ajili ya adabu kabla ya siku ile ya metro. Kuzunguka kule kulikomwangusha ndani ya boksi, hapa nje kulimwacha mlinzi amekabili upande ambao hayupo mtu. Kumpa kila mtu kwa kulia, mwezi baada ya mwezi, kulimjengea mkono wa pili, na hakuna aliyeujua ila Mola wake. Goli lilikuwa mbele yake. Baada ya lile goli la boksi, nadhani hili lilionekana kwake kama mlango wa gereji ulioachwa wazi. Hakupiga kwa nguvu. Aliuweka kwenye kona, mahali pa chungwa, na kipa hakuinua hata mguu.

"Allahu Akbar!" mwanangu alipiga kelele, mpaka mzee mmoja wa Kiingereza nyuma yetu akamwaga kahawa.

Walipomaliza, kocha akawapanga mstari na kuwaita mmoja mmoja, akianzia nyuma: kwanza kipa, kisha walinzi, kisha wa katikati. Kila aliyeitwa alitoka mbio kusimama nyuma yake. Wa kushambulia waliachwa mwisho, na yeye ni wa kushambulia. Mstari ukawa unapungua. Mwanangu alikaa, akasimama, akakaa. Yeye ndiye aliyeweka sharti lile, na sasa lilikuwa limemkaba shingoni mwenyewe kuliko mtu yeyote pale.

Walibaki wachache. Kocha akaita kapteni. Halafu akageuka, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti yake inayofika mbali: "Upande wa kulia, mkono wangu wa kushoto. Wewe."

Mjukuu wangu hakukimbia. Alitembea, kwa adabu, mpaka alipofika nyuma ya kocha, ndipo akaruka juu mara nyingi kama mtu anayekanyaga makaa. Mimi nilishuka zile ngazi, nikaenda kwenye majani, nikaelekea Kibla, nikasujudu. Majani yalikuwa yamemwagiliwa maji na paji la uso wangu likalowa. Nilimshukuru Mungu kwa timu, na nilimshukuru zaidi kwa kile kiangazi, kwa ukuta wa mbao, kwa kila mara alipoanguka, kwa kuwa yote yale yalikuwa njia ya jambo hili na sisi hatukuwa tunaiona.

Nilipoinuka nilimkuta mwanangu amesimama na simu, anampigia mama yake nyumbani, machozi yanamtiririka bila ya haya.

"Mama, amechaguliwa. Ndiyo, yeye. Nitampeleka, Mama, nitampeleka popote, hata mbali kama Salala. Ngoja nikuweke kwa sauti."

Mke wangu hakungoja. Kutoka jikoni kwetu Rashidiya kikapanda kigelegele kimoja, kirefu, cha harusi, kikatoka kwenye ile simu kikavuka uwanja. Wasichana wote wakageuka kutazama kuna nini. Mjukuu wangu akawaambia ni bibi yake, anafurahi. Wakataka kujua inafanywaje. Akawaonyesha ulimi unavyokwenda, na timu nzima, kocha akiwa katikati yao, ikasimama pale kwenye majani kujaribu kupiga vigelegele, wengine na zile kinga za meno bado midomoni, huku mke wangu kwenye simu akiwaambia kwa Kiswahili kwamba hapana, si hivyo, wapige tena kwa nguvu.